Siku nne za mtoto kuumwa, na misiba humohumo

Hebu nikuulize wewe mwenye ajira na mkataba wako umeuweka kwenye droo, unajua una siku ngapi za kulipwa mtoto wako akiumwa? Sio wewe kuumwa, mtoto. Niliuliza hili swali kwenye grupu letu la wasapu la kazini, mmoja akasema saba, mwingine akasema kumi na nne, mwingine akajibu "inategemea HR kaamkaje". Watu wakacheka sana, ila huyo wa mwisho ndo alikuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Jibu la sheria ni nne. Na usiseme afadhali, maana sio nne kwa mwaka. Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inakupa angalau siku nne za malipo kwenye mzunguko wa likizo, na ukirudi nyuma kwenye tafsiri ya huo mzunguko unakuta ile likizo ya mwaka ndo ina miezi 12, hizi nyingine zote ni miezi 36. Miaka mitatu! Yaani mtoto anaanza kutambaa, anaota meno, anaenda chekechea, analetewa mafua na kila mwenzake wa darasani, na wewe una siku nne.

Afu ngoja, haijaisha. Hizo nne hazijatengwa kwa ajili ya mtoto kuumwa peke yake. Humohumo kuna mtoto kufariki (Mungu aepushe), kuna kufiwa na mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka, dada. Na wameandika kabisa kwamba siku zinabaki zilezile haijalishi matukio yametokea mangapi, ukitaka za ziada unamuomba mwajiri na anaweza asikulipe. Sasa chukua mtu wa Njombe anayefanya kazi Dar, bibi yake akifariki leo, siku moja ya kusafiri, ya kuzika, ya kukaa na ndugu kidogo, ya kurudi, nne zimeisha hapo. Mtoto akiumwa mwezi unaofuata, au mwaka unaofuata, huna kitu. Na mjomba hayumo, shangazi hayumo, mkwe hayumo, hata kama huyo shangazi ndo aliyekulea. Nani aliandika hii orodha sijui, ila nahisi hakuwa na shangazi.

Tupige hesabu ya malaria tu, maana huo ndo ugonjwa tunaoujua wote. Mtoto anapata homa usiku, unamkanda na maji, asubuhi unaenda kituo cha afya, foleni, kadi, kipimo cha kidole, majibu yanatoka ana malaria, anapewa dawa mseto. Dawa mseto ni siku tatu, asubuhi na jioni, na lazima ale kitu kwanza, na akitapika muda mfupi baada ya kumeza inabidi arudie, sasa nani atakaa kuangalia kama katapika? Huyo mtoto huwezi kumpeleka daycare maana hawapokei mtoto mwenye homa, na wako sahihi. Kwa hiyo malaria moja, ile nyepesi isiyo na kulazwa, imekula siku tatu kati ya nne zako za miaka mitatu. Bado nimonia, bado kuhara, bado tetekuwanga ambayo unakaa naye nyumbani mpaka vipele vikauke, na hapo ni wiki hivi. Mnakumbuka red eyes ya Januari 2024? Ofisini kwetu ilianza na mtu ambaye mtoto wake alikuwa nayo nyumbani, akaogopa kuomba ruhusa akaja hivohivo, wiki haikuisha nusu ya watu tumevaa miwani ya jua mbele ya kompyuta tunafuta machozi. Kampuni ilibana siku mbili ikapoteza watu nane. Sijui nani alifaidika.

Sasa watu wanafanyaje? Maana watoto wanaumwa na watu wanaendelea kuajiriwa, kwa hiyo lazima kuna njia. Mwenye dada wa kazi anamwachia dada, binti wa miaka kumi na nane na yeye hajawahi kuona mtoto akipata degedege. Mwenye mama yake mjini anampigia mama. Mwenye roho ngumu anampa mtoto panadol ya asubuhi, homa ikishuka anamvalisha yunifomu anampeleka shule akiomba Mungu isipande kabla ya saa sita. Wengine wanachoma likizo ya mwaka, zile siku 28, kidogokidogo, mpaka ikifika Desemba wenzao wanapanda basi kwenda kwao yeye anabaki zamu.

Na wengi, wengi kweli, wanaenda kutafuta ED, yaani excuse duty, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi kwa sababu wewe mwenyewe unaumwa.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Sheria hiyohiyo ikija kwenye wewe mwenyewe kuumwa ina mkono mpana: siku 126 kwenye hiyo miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, cha muhimu uwe na cheti cha daktari. Mimi siilaumu, hiyo ni nzuri, na majirani zetu Kenya wamewekewa kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa hiyo tuko vizuri. Ila weka 126 pembeni ya nne uone. Mzazi ana mlango mpana wenye jina lake na katundu kenye jina la mwanae, atapita wapi? Namjua mama mmoja, mtoto wake alilazwa kwa nimonia, akaandikiwa ED ya mgongo. Mgongo wake mzima kabisa. Kakaa siku zote pale wodi ya watoto anaogopa kukutana na mtu wa ofisini, simu ikiita anatoka nje ili watu wasisikie watoto wakilia, akirudi kazini anatembea ameinama kidogo ili mgongo uaminike. Mtu mzima, ana digrii, miaka mingi kazini hajawahi kuchelewesha ripoti, analazimika kuigiza kama yuko kwenye kichekesho cha mtandaoni. Na daktari naye amedanganya kwa huruma.

Ndo maana ile hoja ya "tukiwapa wazazi siku za kuuguza watatumaliza" huwa hainiingii. Siku hizo mnazilipa tayari bosi. Mnazilipa kwa jina la mgongo, kichwa, tumbo la kuendesha. Tofauti ni kwamba sasa hivi mnadanganywa asubuhi saa moja na nusu, hamjui mtu atarudi lini, hamwezi kupanga mtu wa kushika nafasi yake. Angekuwa huru kusema "mtoto ana malaria, nipeni siku tatu, Alhamisi nipo" mngejua kabisa Alhamisi yupo.

Ila kuna hoja moja naiheshimu, ya mwajiri mdogo. Mwenye duka la dawa ana wafanyakazi watatu, wawili wana watoto wadogo, mmoja akikosekana yeye mwenyewe anasimama kaunta na bado analipa mshahara. Huyo sio mkatili, huyo kabanwa. Kwa hiyo swali la nani analipa ni la kweli, na hapa tuangalie wenzetu. Afrika Kusini wana siku 3 za majukumu ya familia kwa mwaka, mwajiri analipa, na wao pia wamechanganya na misiba, ila ni kila mwaka, kwa miaka mitatu zinakuwa 9 sisi tuna 4. Sweden ndo usiseme, mzazi anaweza kukaa na mtoto mgonjwa mpaka siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, karibu asilimia 80 ya mshahara, ila hela haitoki kwa bosi, inatoka kwenye mfuko wao wa bima ya jamii. Najua, ile ni Sweden na kodi zao, msinirushie mawe. Nachochukua pale ni hilo la mfuko tu. Sisi NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, tunakatwa kila mwezi, na NSSF tayari ina mafao ya uzazi, kwa hiyo wazo kwamba mfuko unaweza kumlipa mzazi kwa sababu ya mtoto sio jambo geni hapa kwetu. Kwa nini lisiende mbele zaidi ya kujifungua?

Msidhani kwa wakubwa kote ni raha pia. Marekani mpaka leo hakuna sheria ya nchi nzima ya kulipwa ukiumwa wewe au mwanao, wana ile ya 1993 ya wiki 12 bila malipo tena kwa wenye sifa tu, mengine kila jimbo na lake. Binamu yangu yuko Minnesota anahudumia wazee, kule tangu Januari 2024 kila masaa 30 unayofanya kazi unajiwekea saa moja ya ugonjwa, mpaka 48 kwa mwaka, na unaweza kuitumia kwa mtoto bila kumdanganya mtu. Anasema kabla ya hapo alikuwa anabadilishana shifti na Mkongo anayefanya naye kazi, huyu akiuguza yule anaingia usiku.

Turudi nyumbani. Hizo siku nne sheria haijasema ni za mama. Imesema mfanyakazi. Lakini baba aende kuomba uone, "kwani mama yake yuko wapi?" Nimeisikia kwa masikio yangu, akiambiwa mwanaume ambaye mke wake ni nesi na alikuwa zamu, yaani mke anauguza watoto wa watu, wa kwake akae na nani? Baba mtoto akizaliwa ana siku 3 tu, na azichukue ndani ya siku 7, Kenya wana wiki mbili. Kwa hiyo mzigo wote unarudi kwa mama, afu kwenye intavyuu mama anaulizwa "una mtoto mdogo?" kwa tabasamu, na wote tunajua wanachouliza.

Na hapa nimeongelea wenye mikataba. Mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hana hata hizo likizo za malipo, ndo maana kuna sehemu watu wanafanywa vibarua wa miezi mitatu mitatu bila kuisha. Binti anayeuza nguo Kariakoo kwenye fremu ya mtu, asipofika leo hela ya leo hana na kesho anaweza kukuta mwingine kwenye kiti. Na dada wa kazi tuliyemwachia mtoto wetu, yeye wa kwake yuko kijijini kwa bibi yake, akiumwa tunampa siku ngapi?

Wanaosema sheria haibadiliki, mwanzoni mwa 2025 Bunge limepitisha marekebisho ya kumuongezea muda wa likizo mama aliyejifungua njiti, yaani mtoto kabla ya wakati. Hilo lilipiganiwa miaka, wazazi wenyewe na watu wa afya, likapita. Kwa hiyo inawezekana.

Sisi kazini hatusubiri Bunge. Mkataba wetu wa hali bora, ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, unafanyiwa mapitio na tawi la chama limenipa mimi kipengele hiki nikiandike (ukiongea sana kwenye kikao ndo adhabu yake). Nilichoandika mpaka sasa: siku kumi kwa mwaka za kuuguza, baba na mama kila mmoja na zake, msiba ukae kwenye kifungu chake, na shangazi aingie. Menejimenti wameshasema kumi ni nyingi, tutakutana kwenye saba nadhani. Tunapobishana kweli ni kwenye uthibitisho. Wao wanataka barua ya hospitali yenye muhuri kila mara, mi nasema siku mbili za kwanza kadi ya kliniki au meseji ya mwalimu itoshe, kwa sababu mafua ya mtoto hayahitaji kwenda kumkalisha foleni katikati ya wagonjwa ili tu apate muhuri. Kikao ni Ijumaa, na mwenyekiti wa upande wao ana mapacha wa miaka miwili, hiyo ndo karata yangu.