Faili zilizogoma kufunguka kwa mtumiaji mmoja tu

Kompyuta ni ya ofisi ndogo ya hesabu huku Ibanda, Bukavu. Watu wawili wanaitumia, kila mmoja na akaunti yake. Mmoja hakuwa na shida. Mwenzake, mama mhasibu, kila akigusa faili zake za malipo alijibiwa "Accès refusé" (umekataliwa kuingia).

Wengi hukimbilia ruhusa za folda. Hapa zisingesaidia kitu: faili zilikuwa na alama ya kufuli, yaani zimesimbwa kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga faili zisomwe na mwenye akaunti tu, na hata msimamizi wa mashine hawezi kuzisoma. Kwenye dirisha la amri niliandika cipher /c na jina la faili, ili nione nani anaweza kuifungua. Aliyeruhusiwa kuisoma ni mama yuleyule, na cheti chake cha EFS kilikuwepo ndani ya certmgr.msc, dirisha la Windows linaloonyesha vyeti. Basi tatizo ni ufunguo wa siri unaoendana na cheti hicho, ule unaofungua faili.

"Mama, ulibadilisha neno la siri?"

"Nililisahau, papa. Fundi mmoja akaniwekea jipya. La zamani nimeliona juzi kwenye daftari."

Hapo ndipo penyewe. Ufunguo wa EFS hulindwa kwa neno la siri la mwenye akaunti. Akilibadilisha mwenyewe, akiandika kwanza la zamani, Windows huufunga upya kwa lile jipya. Msimamizi akiliweka kwa nguvu, ufunguo hubaki na la zamani. (Fundi angeona onyo kwenye skrini, lakini nani husoma maonyo?)

Nikarudisha lile la daftarini, akatoka na kuingia tena, faili zikafunguka zote. Kisha nikatumia amri cipher /x, nakala ya cheti na ufunguo ikaenda kwenye flashi. Neno jipya alilibadilisha mwenyewe, kwa Ctrl+Alt+Delete.