Maboksi Manne ya Risasi, Mafinga

Msimu ule nyani walikuwa wakitoka kwenye mipaina na kuingia kwenye mahindi mabichi. Mzee jirani yetu alikuwa na leseni ya bunduki na kibali cha afisa wanyamapori, lakini bunduki yake, inayotumia risasi za saizi ya .223 Remington, ilikuwa inatawanya risasi. Nilipomwamkia akaniambia, "Marahaba mwanangu. Darubini hii imekufa."

Darubini hiyo ya kulengea, iliyofungwa juu ya bunduki, ilikuwa nzima. Tulikaza skrubu za vishikizo vyake na zile zinazofunga mtutu kwenye kitako, kwa sababu moja ikilegea hakuna risasi itakayolenga vizuri. Kisha tukapima mifereji ya mtutu, ile iliyochongwa ndani yake kwa kujipinda ili kuizungusha risasi. Bunduki ikiwa tupu, unaingiza ufito wa kusafishia wenye kitambaa kinachobana, unauwekea alama na kuusukuma mpaka uzunguke mara moja kamili. Ufito ulisafiri sentimita 30 na nusu, yaani inchi 12. Hapo nikajua ugonjwa uliko: mifereji inayozunguka polepole hivyo inataka kichwa cha risasi kifupi, na mzee alikuwa amenunua cha greni 77, karibu gramu 5, kirefu mno.

Alikuwa na maboksi manne ya kiwandani: greni 50, 55, 62 na hizo 77. Tuliweka karatasi mita 100, nyuma yake ukingo mrefu wa udongo, na bunduki ikalala juu ya mifuko ya mchanga. Tulisafisha mtutu, tukapiga mbili zisizohesabika, maana mtutu uliotoka kusafishwa mara nyingi hupeleka risasi ya kwanza pembeni. Baada ya hapo ni tano kwa kila boksi, na mtutu unaachwa upoe hadi ushikike kwa mkono. Watu wengi hukosa subira hapa. Mtutu mwembamba ukipata moto kundi la matundu kwenye karatasi hupanuka, na lawama inaangukia risasi.

Greni 77 zilitoboa karatasi kwa matundu marefu kama ya funguo: zilikuwa zinafika kiubavu. Hewa nyepesi ya nyanda za juu huzisaidia kidogo kutulia, ila si kwa mifereji ile. Za 62, zenye ganda gumu la shaba hadi ncha, zilitawanyika upana wa kiganja. Za 50 zilikuwa nzuri. Za 55 zenye ncha laini ya madini ya risasi zikakusanyika ndani ya sentimita 3, ukipima kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, katikati hadi katikati.

Mzee alitaka kurudi dukani kununua "zozote za 55". Nikamsihi aangalie namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Kiwanda hubadilisha baruti kati ya toleo na toleo, na bunduki inaitambua tofauti hiyo. Akapata maboksi mengine ya namba ileile.

Tukarekebisha darubini kwa kuzungusha kitufe chake, kila mbofyo mmoja ukisogeza risasi milimita 7 hivi kwa mita 100, mpaka kundi likakaa sentimita 4 juu ya alama. Kwa risasi ile, hiyo hurudi kwenye alama karibu na mita 200. Kupiga nguruwe pori dume nilimkataza mzee kabisa: .223 ni ndogo kwa mnyama huyo, humjeruhi tu akakimbilia msituni.