Punguza Nusu, Nawe Simama Ulipe

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Kaab bin Malik (R.A.) alikuwa anamdai Ibn Abi Hadrad. Alimkuta msikitini Madina akamdai palepale, wakajibizana mpaka sauti zikapanda na kufika chumbani kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akatoka, akafunua pazia la chumba chake, akaita: "Ewe Kaab!" Kaab akaitika: "Labbayka, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Akamwashiria kwa mkono apunguze nusu ya deni lake. Kaab akasema: "Nimeshafanya." Hapo Mtume akamwambia yule mwengine: "Simama ukamlipe."

Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim. Riwaya haitwambii deni lilikuwa la nini. Hatumwoni Ibn Abi Hadrad akiulizwa pesa kazipeleka wapi, wala Kaab akilaumiwa kwa kudai haki yake. Mwenye mali ameombwa aachie kitu, akaachia bila ya mjadala. Mwenye deni naye hakuachwa aendelee kukaa na furaha ya kupunguziwa, ameambiwa anyanyuke. Yote mawili yamesemwa katika kikao kimoja.

Huku kwetu tumeyatenga. Ukikaa barazani utasikia upande mmoja: "Nani aliyemtuma akope? Si alitaka mwenyewe?" Na utasikia upande wa pili: "Masikini, mwachieni, Mungu akimjaalia atalipa." Wa kwanza hajali kama mwenzake amelala na njaa. Wa pili hajali kama mtaji wa muuza duka umekwisha, na yeye pia ana watoto wa skuli. Naona makosa kwa wote wawili, na naona yule wa pili hujificha vizuri zaidi kwa sababu maneno yake yanafanana na huruma.

Nenda duka lolote la mtaani, Ng'ambo mjini Unguja au Wete kule Pemba, utaliona daftari la madeni. Limejikunja kona, lina alama za vidole vya mafuta, na kila ukurasa una jina juu na mistari chini yake: mchele kilo mbili, sukari nusu, unga wa ngano, mafuta kipimo kimoja, sabuni. Aliyelipa mstari wake hukatwa. Wengine kurasa zao zimejaa zikahamia kurasa za nyuma. Hakuna anasa humo. Kuna watu ambao mwezi umewashinda kabla haujafika katikati, na kuna muuza duka aliyeamini kauli.

Mtu akizidiwa na deni la dukani, kwanza hubadilisha njia. Atapita uchochoro wa nyuma ili asionekane. Kisha hubadilisha msikiti, maana anayemdai husali safu ya mbele. Kisha Isha anaisali nyumbani. Sisi tunaona mtu kapotea kwenye sala ya jamaa, tunasema imani yake imeshuka, na hatujui kuwa anaogopa kutoa salamu upande wa kulia akakutana na uso wa mdai wake.

Bibi Aisha (R.A.) ametuhadithia kuwa Mtume (S.A.W.) akiomba ndani ya sala ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na dhambi na deni. Akaulizwa mbona anajikinga sana na deni. Akajibu kuwa mtu akiwa na deni husema akadanganya, na huahidi akavunja. Deni limewekwa hapo kwa sababu ya linachomfanyia mtu ulimi wake. Na ulimi wa mtoto wake pia. Ni nyumba ngapi mtoto hutumwa mlangoni na kuambiwa: "Kaseme baba hayupo"? Mtoto anayesoma chuo cha Qur'ani asubuhi kuwa uongo ni dhambi, jioni anafundishwa uongo na mzazi wake, naye anasimama mlangoni akitazama miguu yake.

Jambo hili lilimtokea Sahaba. Limo katika Sahihi Muslim. Abul Yasar (R.A.) alikwenda nyumbani kwa mtu anayemdai, akaambiwa hayupo. Akatoka kijana wa nyumba ile, akamuuliza: "Yuko wapi baba yako?" Kijana akasema kweli: amesikia sauti yako, kaingia kujificha kwa mama. Abul Yasar akaita: "Toka, nimeshajua ulipo." Yule mtu akatoka. Akamuuliza: "Kitu gani kimekufanya unifiche?" Akajibu: wallahi nitakwambia na sitakudanganya. Nilichelea nisije nikasema nawe nikakudanganya, au nikakuahidi nikavunja, nawe ni Sahaba wa Mtume, na wallahi mimi nilikuwa na dhiki. Abul Yasar akamtaka aape, akaapa, mara tatu. Kisha akaleta ile karatasi ya deni, akaifuta kwa mkono wake, akasema: ukipata, nilipe, usipopata, basi umeachiwa. Akasimulia alivyomsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa mwenye kumpa muhula aliye na dhiki, au akamwachia deni, Mwenyezi Mungu atamweka chini ya kivuli chake.

Angalieni kilichofungua moyo wa Abul Yasar. Aliambiwa ukweli. Yule mtu alikuwa amejificha, lakini alipotoka hakuleta kisa cha kubuni wala hakusema "Ijumaa inshaallah". Alisema sina, na akaeleza kwa nini amejificha. Kama wewe ni mwenye kudaiwa, anzia hapo. Nenda kwa mdai kabla tarehe haijafika, usimngoje aje. Mwambie ulichonacho na usichonacho. Muuza duka anayeambiwa ukweli tarehe ishirini na tano ana siku za kujipanga. Anayefichwa mpaka tarehe kumi ya mwezi unaofuata amevunjwa moyo, na kesho atamnyima mwengine mwenye haja kuliko wewe.

Na andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya deni. Inataka deni liandikwe, dogo au kubwa, muda wake utajwe, na mashahidi wawepo. Na anayetakiwa kumsomea mwandishi ni yule anayedaiwa, amche Mola wake wala asipunguze chochote. Yaani kinywa cha mwenye deni ndicho kinachotaja kiasi. Sisi ndugu kwa ndugu huona haya kuandika, tunasema tunaaminiana. Mwaka ukipita kila mmoja ana hesabu yake, na udugu umekwisha.

Kisha kuna madeni ambayo hayakuwa na haja kuwapo. Nitalisema la harusi kwa sababu nalijua. Sare. Harusi moja sare tatu: ya kupeleka mahari, ya nikahi, ya kutoa mke nje. Mama aliyekuwa na pesa ya ada ya skuli anachukua kitambaa kwa mali kauli, yaani alipe baadaye, fundi anamdai ushoni, kisha zipo pesa za kutunza. Akikataa anaambiwa hapendi watu. Sitaki kumlaumu huyo mama peke yake, ndugu zangu. Tunaopanga sare ndio tunaoandika deni lake, nasi tunasema yeye ndiye asiyejua kujizuia. Mwenye harusi akisema "njooni na nguo mlizonazo", amewasaidia wengi bila ya kutoa hata shilingi.

Yapo na madeni ya mikopo ya simuni, na haya ndiyo yananitia hofu zaidi. Mtu anaomba laki moja, inayoingia ni pungufu kwa sababu ada imekatwa mwanzo, na baada ya siku chache anatakiwa arudishe laki nzima na ziada. Anakopa kwengine alipe hapa. Riba ni haramu, na kiliomo humu ni riba, hilo sina la kulipamba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii huchukua namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa hupeleka ujumbe kwa watu wake: fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Ujumbe unafika kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa shemegi, kwa imamu.

Ukiletewa ujumbe kama huo, ufute. Usimpelekee mtu mwengine hata kwa kusikitika. Mpigie mwenyewe, na kabla ya kumpa nasaha yoyote muulize kama leo nyumbani wamekula. Nasaha ipo na ina wakati wake. Aliyeingia kwenye riba kwa kubanwa anahitaji mtu wa kukaa naye na kalamu: unadaiwa na nani, kiasi gani, kipi kianze. Wengi hawajawahi kuijumlisha hesabu yao kwa sababu wanaiogopa.

Visiwa vyetu vinalijua deni tangu zamani. Wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba walikopa kwa kutarajia mavuno, wakaweka rehani mikarafuu na ardhi. Bei zilipoanguka, deni likabaki palepale. Mpaka mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wadai. Kwa hivyo asitwambie mtu kuwa wenye deni ni wavivu. Bei ikianguka, hata anayeamka alfajiri kwenda kazini hubaki na deni. Na hivi leo yupo mama wa mwani Paje au Jambiani anayepewa mwanzo kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, akalipa kwa mwani wake mwenyewe, na bahari ikipata joto mwani ukaoza, deni halikuoza pamoja nao.

Ndiyo maana Mwenyezi Mungu amesema, katika Suratul Baqara aya ya 280, kuwa akiwa mdaiwa ana dhiki basi apewe muda mpaka apate wasaa, na mkilifanya deni sadaka ni kheri kwenu. Kumpa muda ni amri. Kumwachia ni fadhila. Na mwenye nacho akachelewesha, Mtume (S.A.W.) amesema huko kuchelewesha ni dhulma. Wapo wenye nacho, tunawajua, wananunua pikipiki mpya na jina limo kwenye daftari. Aya ya dhiki hawana haki nayo. Mdai ana haki ya kuwafuata kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwa kadhi na kokote kunakostahiki. Ila kumweka mtu picha yake kwenye status na kuandika kiasi anachodaiwa, hilo sioni ruhusa yake, hata kwa mwenye nacho. Mke na watoto wake nao wanaiona picha ile.

Jengine ni msibani. Jeneza likishawekwa mbele, ndugu husimama akasema: mwenye kumdai marehemu atuone sisi. Ni jambo jema mno. Lakini mara nyingi hubaki maneno. Siku ya khitma panapikwa masufuria ya pilau, na mwenye duka aliyekuja kutaja deni anaambiwa asubiri tumalize shughuli. Suratun Nisaa imeeleza mafungu ya urithi, na mara baada ya mara ikakumbusha kuwa hayo ni baada ya wasia na deni. Shamba haligawiwi kabla. Aliletewa Mtume (S.A.W.) maiti mwenye deni la dinari mbili, hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile. Siku ya pili akamuuliza: zimefanya nini zile dinari mbili? Abu Qatada akasema, kafa jana tu. Akaulizwa tena siku iliyofuata, akasema nimeshalipa. Mtume akasema: sasa ngozi yake imepoa. Dinari mbili, ndugu zangu, na ziliulizwa kila siku.

Mwenye zaka aikumbuke aya ya 60 ya Suratut Tawba. Wenye madeni wana fungu lao humo, wametajwa kwa jina. Hata aliyekopa kwa maasi akatubu, wanavyuoni wetu wa Kishafii wanaona anaweza kupewa. Lakini fahamuni utaratibu wake: kumwambia mtu "deni langu kwako nimelifanya zaka" hakutoshi kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, na kumlipia deni kwa zaka bila ya idhini yake hakusihi. Muulize kwanza, kwa siri, akikubali mlipe mdai wake. Ama sadaka ya kawaida haina sharti hilo.

Basi wiki hii, aliye na jina dukani aende leo baada ya Magharibi na alichonacho, hata kiwe elfu mbili, ataje na siku ya kuleta nyengine, na iandikwe mbele yake. Mwenye daftari alifungue atafute jina moja ambalo analijua kuwa lina dhiki ya kweli, apunguze. Na sisi wengine ambao Mwenyezi Mungu katupa wasaa, tuingie duka la mtaani kwetu wakati hakuna wateja, tumuulize mwenyewe ukurasa gani umekaa muda mrefu na mwenyewe hana njia. Tulipe tunachoweza kwa nia ya sadaka, tumwombe akate mistari na asimtaje aliyelipa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.