Hirizi za Mafarisayo

Jumapili moja mtoto katika darasa langu alikuwa akisoma Mathayo 23:5 kwa sauti. Alipofika "hupanua hirizi zao" akasimama. "Mwalimu, kumbe Mafarisayo nao walikwenda kwa waganga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila kwa aibu kidogo, maana miaka mingi niliusoma mstari huo nikiwa na picha hiyohiyo kichwani.

Hirizi hizo Wayahudi wanaziita tefilini. Ni visanduku vidogo vya ngozi vyenye mikanda, kimoja hufungwa mkononi na kingine kwenye paji la uso. Ndani yake mna maandiko ya Kutoka 13 na ya Kumbukumbu la Torati 6 na 11, yale yanayoagiza maneno ya Mungu yafungwe mkononi na kati ya macho. Katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zimepatikana za zamani mno, nyingine ndogo kuliko kiberiti. Kwa hiyo Yesu hakukataza kuzivaa. Alichokemea ni kuzipanua ili zionekane toka mbali.

Mstari unaendelea: "huongeza matamvua yao". Hapo ndipo nilipokesha. Neno la Kigiriki ni kraspedon, na ndilo hilohilo lililo katika Mathayo 9:20, pale mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alipougusa upindo wa vazi la Yesu. Ndilo pia lililotumika Wayahudi walipoitafsiri Hesabu 15:38 kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya hapo. Sasa fungua Biblia yetu ya Union: Hesabu inasema vishada, Mathayo 9 inasema upindo, Mathayo 23 inasema matamvua. Kitu kimoja, majina matatu! Msomaji atajuaje?

Ukisikia upindo unawaza ule mkunjo ambao fundi hushona ukingoni mwa nguo. Niliwaeleza watoto hivyo wakanitumbulia macho, basi nikatoa sufu. Nilikata nyuzi nne, nikazipitisha kwenye tundu pembeni mwa kitambaa, nikazikunja zikawa ncha nane, kisha nikafunga mafundo matano kama Wayahudi wafungavyo mpaka leo. Torati iliagiza uzi mmoja uwe wa samawati. Rangi hiyo ilitoka kwa konokono wa baharini, na ujuzi wa kuitengeneza ukapotea kwa karne nyingi, ndiyo maana vishada vingi siku hizi ni vyeupe tupu. Kazi ya kishada ni kutazamwa, ili mtu azikumbuke amri. Yule mama, basi, alishika kumbukumbu ya Torati iliyoning'inia kwenye nguo ya Myahudi mwenzake.

Wahubiri wengine huunganisha hapo na Malaki 4:2, jua la haki lenye kuponya katika mbawa zake, kwa sababu kwa Kiebrania kanaf ni bawa na ni pembe ya nguo pia. Napenda sana, lakini Mathayo mwenyewe hakusema hivyo, nami sitamsemea.

Tulipohamia Marko 5, pale Yesu anapomwambia binti Yairo aliyekufa "Talitha, kumi", yule mtoto wa hirizi akanyoosha mkono tena. "Talitha, kumi. Mbona kumi, na binti alikuwa na miaka kumi na miwili?"

Safari hii sikucheka. Hilo kumi ni Kiaramu, maana yake inuka, akiambiwa mwanamke. Kiaramu na Kiarabu ni ndugu, na shina hilohilo la kusimama ndilo lililotupa sisi, kupitia Kiarabu, neno kiyama. Nikaliandika ubaoni kando ya kumi. Akayatazama yote mawili, akauliza kama binti Yairo alijua kwamba ameambiwa hivyo.