Boxer yangu na barua yenye muhuri

Jumapili, jioni. Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili mpaka macho yanawasha, nimekaa barazani na chai. Pale kwenye kona nilipokuwa naegesha pikipiki pamebaki doa la oili. Neema amelizungushia vizibo vya soda, anasema ni bwawa. Nimemwacha.

Nilijiahidi nitaiandika habari hii ikishaisha. Pesa zimeingia tangu Alhamisi, kwa hiyo naamini imeisha.

Ajali yenyewe haina mengi. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naenda shule. Nilishapita Msamvu, hapa Morogoro, nimeshika barabara ya Iringa. Kabla ya kufika Sangasanga, Fuso ya mchanga iliyokuwa inakuja upande wa pili ikakata kulia mbele yangu kuingia njia ya vumbi. Hakuwasha taa, hakupiga honi. Niliona majani pembeni, nikajitupa huko. Boxer ikaenda peke yake mpaka chini ya tairi za nyuma. Kishindo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu amekanyaga kopo la maziwa.

Mimi nilitoka na michubuko na goti lililovimba kama papai. Trafiki wakaja, wakapima na utepe, wakachora. Kituoni nikapewa PF3, nikaenda hospitali. Dereva wa Fuso alikuwa mzee mmoja mpole, na gari ni lake mwenyewe, ananiuliza kila baada ya dakika kama nimekunywa maji. Askari akaingiza namba ya usajili ya gari lake kwenye simu, kwenye ule mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, wa kuhakiki bima. Ilikuwa imekwisha wiki tano nyuma. Mzee akaangalia chini.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi nina bima kubwa. Wenye pikipiki wengi tunakata ile ndogo, ambayo inamlipa mwingine ukimgonga, chombo chako mwenyewe hakimo. Mimi nilikata kubwa, ila si kwa sababu nina akili sana. SACCOS iliyonikopesha ndiyo iliyoshurutisha, na mkopo ulipoisha nikaendelea kulipa kwa mazoea tu. Mwaka huu nililipa 177,000: asilimia sita ya 2,500,000, thamani ya pikipiki iliyoandikwa kwenye bima, juu yake VAT ya asilimia 18. Naitaja hesabu hii kwa sababu ile 2,500,000 ndiyo iliyokuja kunivuruga kichwa.

Nikajaza fomu ya madai. Nikaambatisha ripoti ya polisi, leseni, kadi ya pikipiki, na makadirio ya fundi. Fundi wangu hakuandika mengi: chesisi imepinda, shokapu za mbele zote mbili, bloku ya injini imepasuka ubavuni, rimu, tangi, taa. Jumla 1,350,000 bila pesa ya ufundi. Akanirudishia kalamu akasema, "Mwalimu, hii tusidanganyane."

Mkadiriaji wa kampuni akaja na simu yake, akapiga picha kila upande, akainama akasoma namba ya chesisi, akasoma na kilomita: 41,300. Akagusa keria ya nyuma, ile ya chuma niliyoongezea ya kubebea vitabu. Akaniuliza kama anauliza habari za mvua, "Ilikuwa inapiga boda hii?" Nikasema hapana, mimi ni mwalimu, nakaa Kihonda, nafundisha kule Mzumbe, kwenda na kurudi ni kama kilomita hamsini kila siku. Akaandika kitu. Sikujua wakati ule kwamba swali lile lilikuwa na bei.

Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu, barua iko ofisini. Nikaenda baada ya vipindi, nimevaa shati la mikono mirefu kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Barua ilikuwa na nembo juu na muhuri wa bluu chini. Pikipiki imeonekana ni hasara kamili, haitatengenezwa. Thamani yake sokoni kabla ya ajali, 1,600,000. Ondoa ekses, kile kiasi ambacho mwenye bima anajibebea mwenyewe, asilimia kumi, 160,000. Nitalipwa 1,440,000 nikiwaachia mabaki. Nikitaka kubaki na mabaki, wanakata laki nne zaidi, napewa 1,040,000. Chini ya barua palibanwa karatasi nyingine, hati ya kukubali malipo, yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" na mstari wa sahihi.

Yule binti wa dawati la madai alikuwa ameniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya heshima kabisa. Akaniwekea kalamu mezani. Mtu aliyekupa shikamoo utaanzia wapi kumbishia? Nilishika kalamu. Naandika hapa ukweli: niliishika. Kilichoniokoa ni kwamba hati ilidai na namba ya akaunti ya benki, na kadi niliiacha nyumbani. Nikasema nitarudi kesho.

Mama Neema anauza dagaa na viungo Soko Kuu la Chifu Kingalu. Aliisoma barua akiwa amesimama, mkono mmoja una harufu ya bizari, akishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue. Akamaliza. Akaniuliza, "Wewe umewaambia shilingi ngapi?"

"Mimi? Wao ndio wanaokadiria."

"Baba Neema, hii si ni bei ya kuanzia? Mbona umeipokea kama hukumu?"

Nilikasirika kidogo, maana lilikuwa swali zuri. Mimi huyu huyu nikienda kununua viatu vya mtumba nakaa robo saa natafuta kasoro kwenye soli. Nyanya fungu la elfu moja nitaomba niongezewe moja. Hata bodaboda siku hizi nabishana naye shilingi mia tano huku mvua inaninyeshea. Lakini karatasi yenye nembo ikasema milioni moja na laki nne, nami nikakunja mkono nyuma. Nimejiuliza sana wiki hizi. Nadhani inatoka mbali. Kwetu Kilosa, nilipokuwa mdogo, barua yenye muhuri ilileta mambo mawili tu, wito au deni. Baba alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, anaisoma akiwa amesimama, halafu anatafuta nauli. Sijawahi kumwona akiijibu.

Usiku ule nikatoa mkataba wa bima, ule ambao tangu nikate sikuwahi kupita ukurasa wa kwanza. Ndipo nikaelewa. 2,500,000 niliyokatia bima ni kikomo tu. Hawatalipa zaidi ya hapo, lakini hawajaahidi kuifikia. Wanachoahidi ni thamani ya chombo dakika moja kabla ya ajali. Bima inakurudisha pale ulipokuwa, haikupandishi. Kanuni hiyo naikubali hata sasa. Nisichokubali ni hiki: wakala wangu aliandika 2,500,000 akiwa kwake, bila kuiona pikipiki, na ada ikatozwa kwenye 2,500,000. Uchakavu haukuwepo siku ya kulipa ada. Ulikuja siku ya kulipwa.

Kwa hiyo ugomvi haukuwa juu ya 2,500,000. Ulikuwa juu ya 1,600,000: imetoka wapi?

Jumamosi nikazunguka. Nilikwenda kwa wauzaji watatu wa pikipiki zilizotumika hapa mjini, nikauliza Boxer BM 150 ya mwaka 2021 kama yangu, yenye kadi safi. Mmoja akasema 2,200,000, mwingine 2,050,000, wa tatu 1,950,000, na huyo wa tatu yake ilikuwa na tangi lililobonyea. Niliwaomba waniandikie, na mihuri. Wa pili akacheka, akasema muhuri wake aliuchonga kwa ajili ya watu kama mimi.

Halafu daftari. Nina ugonjwa wa kuandika, wanaonijua wanajua. Kwenye daftari dogo la jalada jekundu nilikuwa naandika kila nilipobadilisha oili, kila baada ya kilomita elfu mbili hivi, tarehe, kilomita, bei, na jina la duka. Cheni na sproketi, mara mbili. Breki za nyuma. Kuna ukurasa umeandikwa "Plagi, fundi kasema haikuwa na haja." Nilichukua na barua ya mkuu wa shule kuthibitisha kituo changu cha kazi na umbali.

Kisha nikaandika barua yangu. Ukurasa mmoja. Sikulalamika, niliweka hesabu tu. Mwishoni niliandika kwamba tusipoelewana nitaomba jambo hili lifike kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilimweka kwa ajili ya watu waliokwama na kampuni zao. Nikaisoma, nikaona ina ukali, nikaifuta sentensi hiyo. Mama Neema akaniambia niirudishe. Nikairudisha, nikaongeza "kwa heshima."

Kikao kilikuwa Jumatano. Mimi, yule binti, na mkadiriaji. Mkadiriaji alikuwa mtu wa haki kuliko nilivyomtarajia, ila hakuwa na haraka ya kukuonyesha. Nilimuuliza alifikaje 1,600,000. Akafungua faili. Alikuwa ameanza na bei ya mpya, akakata uchakavu wa miaka, kisha akakata tena kwa "matumizi makubwa." Lile swali la boda, kumbe ndilo hili.

Nikamsogezea daftari. Aliligeuza kurasa polepole, akasimama kwenye ule wa plagi, akatabasamu. "Mwalimu, hata oili ya siku ya Pasaka umeandika."

"Duka lilikuwa wazi."

Akazitazama zile karatasi tatu za bei. Akasema bei ya kuomba si bei ya kuuzia, mtu akitaja milioni mbili na laki mbili atauza chini ya hapo. Kweli kabisa, na mimi nikamwambia ndiyo maana sikuleta 2,200,000, naomba 2,100,000. Akasema 1,800,000. Nilisikia kitu kimelegea kifuani. Huyu mtu anapatana bei! Kumbe muda wote huu tulikuwa sokoni, ila sokoni penye kiyoyozi.

Nikasema 2,050,000. Akanyamaza, akabonyeza kikokotoo, ambacho nina hakika hakikuwa na la kukokotoa. Binti wa madai akaangalia dirishani. Nami nikanyamaza, na hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote, maana mwalimu akiona kimya darasani anakijaza. Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilifika kumi na tisa.

"Milioni mbili," akasema. "Na mabaki mnatuachia."

Milioni mbili, toa ekses laki mbili, 1,800,000. Zaidi ya barua ya kwanza kwa 360,000. Niliomba na ekses wanisamehe kwa kuwa kosa halikuwa langu, wakakataa, nikaona hapo wana haki, imo kwenye mkataba na nilitia sahihi. Kuhusu mabaki, fundi alinishauri niyachukue niuze kwa vipande. Sikutaka. Ningekaa na chesisi iliyopinda barazani miezi sita nikisubiri mteja wa taa ya nyuma.

Hati mpya niliisoma yote, mara mbili, binti akisubiri. Kuna kifungu kimoja humo ambacho siku ile ya kwanza nisingekiona: nikishalipwa, haki yangu ya kumdai mwenye Fuso kwa kile nilicholipwa inahamia kwa kampuni. Wao ndio watakaomfuata. Nikakabidhi kadi, nikatia sahihi fomu ya kuhamisha umiliki, nikatoa funguo mbili. Kwenye mmoja palikuwa na kifungulio cha soda cha Neema, nikakichomoa. Kucha ikakatika.

Pesa zilichukua siku kumi na tatu.

Juzi jioni simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni yule mzee wa Fuso. Akaniuliza goti, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua za huku. Kisha sauti ikashuka.

"Mwalimu, nimeletewa barua na kampuni ya bima. Ina muhuri."

"Wanasemaje?"

"Milioni moja na laki nane, ndani ya siku thelathini. Nikuombe mwanangu, tuyamalize mimi na wewe kienyeji."

Nikamweleza kwamba si mimi tena, nimeshalipwa, deni hilo sasa ni lao. Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake. Nikajikuta nasema, "Mzee wangu, nenda ofisini kwao. Usipeleke pesa siku ya kwanza. Waulize mabaki wameyauza shilingi ngapi, hiyo waitoe kwanza. Halafu omba kulipa kidogo kidogo. Hiyo waliyoandika ni bei ya kuanzia."

"Inapunguzika?"

"Jaribu."

Alinishukuru mpaka salio likamwishia. Mama Neema alikuwa mlangoni na ungo wa mchele, amesikia yote.

"Na laki mbili zetu za ekses?" akauliza. "Hizo si bado tunamdai yeye? Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.