Blogu ya Kiswahili hulipa vipi: anza na hesabu

Anayeandika blogu kwa kujifurahisha anaweza kuanzia popote. Anayetaka imlipe aanze na hesabu, maana hiyo ndiyo itakayomwonyesha cha kuandika.

Chukua AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye blogu na kumlipa mwenye blogu, ambayo blogu nyingi huanza nayo. Malipo hutoka salio likifika dola 100. Kipimo cha kutazama kila wiki ni mapato kwa kurasa 1,000 zilizofunguliwa, ambacho kwenye ripoti kinaandikwa RPM. Gawa mapato kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa, kisha zidisha kwa 1,000. Tuseme RPM yako ni dola 0.80. Kuifikia dola 100 unahitaji kurasa 125,000. Blogu inayofunguliwa kurasa 500 kwa siku itachukua siku 250 kupata malipo ya kwanza. Fanya hesabu hii kabla hujaacha kazi, si baada.

RPM hupanda na kushuka kwa mambo mawili makubwa: msomaji yuko nchi gani, na anasoma kuhusu nini. Watangazaji hushindania nafasi kwa mnada, kwa hiyo makala ya bima, mikopo au usajili wa biashara huwavuta wengi kuliko udaku wa wasanii. Na Mswahili anayesoma akiwa Marekani au Uingereza kwa kawaida huingiza zaidi kuliko anayesoma makala ileile akiwa Mbeya. Kuna na msimu: mwishoni mwa mwaka watangazaji hutumia sana, Januari wanabana mkono. Ukiona mapato ya Januari yameporomoka huku wasomaji ni walewale, usianze kubomoa blogu.

Sasa mada. Tanzania kuna njia iliyozoeleka: kusubiri NECTA, baraza la mitihani, watoe matokeo. Kidato cha nne hutoka Januari, kidato cha sita Julai, darasa la saba karibu na Novemba. Siku hizo wasomaji humiminika, lakini ni wa siku mbili, wanafungua linki na kuondoka, na blogu mia zimeandika kitu kilekile. Si vibaya kuuvuna msimu huo. Ila wengi hukosea kwenye anwani ya makala: wanaweka mwaka ndani yake, halafu mwaka unaofuata wanaandika nyingine mpya inayoanza sifuri. Weka anwani isiyo na mwaka, mathalani /matokeo-kidato-cha-nne, kisha kila msimu badilisha kichwa, tarehe na linki ndani ya ukurasa uleule. Nguvu uliyojijengea Google inabaki.

Penye pesa ya kutulia ni makala za maelezo ambazo mtu huzitafuta mwaka mzima: kuomba TIN (namba ya mlipakodi), kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa ORS, kupata namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kujaza fomu ya HESLB ya mkopo wa elimu ya juu. Hapa mshindi ni aliyepitia hatua zote mwenyewe. Piga picha ya skrini kila hatua, ficha majina na namba za watu, andika ada iliyopo na tarehe uliyoihakiki, na usiache kusema mfumo hukwama wapi. Msomaji aliyekwama ndiye anayekaa kwenye ukurasa dakika tano.

Maneno ya kichwa yasitoke kichwani mwako. Fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, andika Google "jinsi ya kupata" na uangalie kinachopendekezwa. Hayo ni maneno ya watu wenyewe. Angalia na upande wa mpaka: Mtanzania huandika "namba", Mkenya mara nyingi "nambari". Chagua unayemwandikia. Mwezi mmoja au miwili baadaye, ingia Search Console, zana ya Google inayoonyesha blogu yako inavyotokea kwenye utafutaji, sehemu ya utendaji, utafute maneno ambayo makala yako iko nafasi ya 8 hadi 20. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza: ongeza aya inayojibu swali hilohilo, rekebisha kichwa. Kazi ya nusu saa hapo huzidi makala mpya tatu.

Maombi ya AdSense hukataliwa mara nyingi kwa sababu ya maudhui yasiyo na thamani. Tafsiri yake: umenakili habari za wengine, au una makala fupifupi zisizojibu kitu. Dawa ni kufuta hizo, si kubadilisha muonekano wa blogu. Ukikubaliwa, jihadhari na mibofyo. Usibofye matangazo yako, usiwaombe ndugu, usiingie makundi ya WhatsApp ya "nibofyee nikubofyee". Google huiona, hukata mapato, na akaunti ikifungwa huruhusiwi kufungua nyingine, maana kila mtu ana haki ya akaunti moja tu. Tangazo lililobanwa jirani na kitufe cha kupakua huleta balaa hilohilo, hata kama hukukusudia.

Salio likifika dola 10 hutumwa kadi yenye PIN kwa posta. Andika sanduku la posta kikamilifu, kwa jina lile lililo kwenye kitambulisho. Kadi huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Isipofika, omba nyingine. Usiache miezi minne ipite bila kuingiza PIN, matangazo yatasimamishwa. Malipo yenyewe hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata ule ambao salio lilifika dola 100. Kwenye taarifa za benki, jina lilingane herufi kwa herufi na la akaunti, na uombe tawi lako SWIFT code sahihi, yaani namba ya utambulisho ya benki kwa pesa za kimataifa. Uliza pia makato ya kupokea pesa za nje, kwa sababu kwenye dola 100 yanaonekana.

Blogu ndogo hupata haraka zaidi kwa kuuza nafasi moja kwa moja. Duka la vifaa vya shule, chuo, wakala wa bima: wote wanahitaji wasomaji wachache walio sahihi. Kwenye makubaliano andika urefu wa makala, marekebisho mangapi yanaruhusiwa, itakaa hewani miezi mingapi, na nusu ya malipo itangulie. Juu ya makala andika wazi kwamba imedhaminiwa, na linki ya mdhamini uiwekee rel="sponsored", alama ya kwenye msimbo inayoiambia Google kuwa linki imelipiwa. Mteja akitaka linki isiyo na alama hiyo, mkatalie: Google huichukulia kama linki iliyonunuliwa, na blogu inayoadhibiwa inaweza kuwa yako.

Linki za kamisheni, zinazokulipa msomaji akinunua kupitia kwako, zinafaa, lakini usijenge nyumba nzima juu ya duka moja. Jumia, duka la mtandaoni, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019, na linki zote za huko zikawa kapi.

Upande wa serikali, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu wa Tanzania wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano; mwaka 2020 kanuni mpya zilichukua nafasi yake, nazo zimefanyiwa marekebisho tangu hapo. Ukitaka kuweka habari na matukio, soma toleo linalotumika sasa kabla ya kununua hata domeni. Kenya, sheria ya fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi, kuanzia Julai mwaka huo. Kwa hiyo unapompa mdhamini wa Nairobi bei, sema mapema kama ni kabla au baada ya makato.