Kuhariri filamu za kibandani: usikimbilie mkasi

Kuhusu kuondoa uchi na matusi kwenye filamu, watu wanabishana maadili tu, ilhali kwenye vibanda umiza (kumbi ndogo za kuonyeshea video) vya hapa Dodoma tatizo mara nyingi ni ukataji wenyewe. Ukikata bila kurenda upya (kuiandika video upya), programu inaanzia kwenye fremu kuu tu, yaani zile zenye picha kamili, nazo zinaweza kuachana hata sekunde 10. Ndiyo maana kipande cha uchi kinabaki mbele ya watoto, au sauti inatangulia midomo. Renda upya, kisha tazama sekunde chache kabla na baada ya mkato.

Tusi halihitaji kukata picha. Filamu ikiwa na sauti ya 5.1 (chaneli sita), nyamazisha hapo chaneli ya kati pekee, ambayo kwa kawaida hubeba maneno, muziki unabaki.

Mimi natetea faili la EDL, orodha ya maandishi ya sehemu za kuruka au kunyamazisha. Mstari "312.5 318.0 0" unaiambia Kodi, programu ya kuchezea video, iruke kuanzia sekunde ya 312.5 hadi ya 318, ukiweka 1 mwishoni, inanyamazisha. Filamu haiguswi, na kazi ya mtu inaheshimiwa. Marekani, sheria ya 2005 iliruhusu kuruka matukio hivyo nyumbani. Mwaka 2006 mahakama ya Colorado ikazuia kuuza nakala zilizokatwa. Kibanda si sebule, kwa hiyo ruhusa ya mwenye filamu bado inahitajika.